Kuifuata daiquiri hadi Santiago

Shemeji alinionya tangu tukiwa Istanbul tunasubiri ndege ya Havana. "Shem, ile baa ya Floridita ni mahali pa watalii. Pesa utakayoacha pale kwa glasi moja ya barafu, mama mmoja wa Santiago analisha nayo watoto siku kadhaa." Yeye Cuba anaijua. Alisomea udaktari Santiago miaka ya tisini, wakati ule ambao Wacuba wenyewe wanauita Kipindi Maalumu: Umoja wa Kisovieti umevunjika, mafuta hayaji, basi haliji, na mwanafunzi anakula kabichi mchana na usiku. Kihispania chake ni cha mashariki ya kisiwa, kile cha kumeza herufi za mwisho. Mimi nilikuwa sijawahi kuvuka Atlantiki, na niliyoyajua kuhusu Cuba ni yale anayoyajua Mtanzania yeyote wa umri wangu: Fidel, sigara, madaktari, na Che Guevara aliyepita Dar es Salaam mwaka 1965 akielekea Kongo. Juu ya hayo nilikuwa na hamu moja ambayo shemeji aliiona ya kipuuzi. Nilitaka kuinywa daiquiri kwao.

Mimi ni mtu wa Moshi. Nimekulia karibu na mashamba ya miwa ya Arusha Chini, na mbege niliionja kabla sijaijua bia. Kokteli nilikutana nazo ukubwani, kwenye menyu ya hoteli yenye picha, zikiwa na rangi za bendera na vimwavuli vya karatasi, nikazidharau. Daiquiri ndiyo iliyonigeuza, maana haina mapambo. Ramu nyeupe, maji ya ndimu, sukari. Kipimo kinachofuatwa na wengi ni mililita 60 za ramu, mililita 20 za ndimu na vijiko viwili vidogo vya sukari. Unatikisa pamoja na barafu, unachuja, unakunywa. Kinywaji chenye viungo vitatu hakina pa kuficha uzembe. Ndimu iliyokamuliwa jana inajitaja. Ramu mbovu inajitaja mapema zaidi.

Kwa hiyo siku ile ile tuliyotua, macho yakiwa mazito kwa usingizi, nilimburuta shemeji hadi kona ya mitaa ya Obispo na Monserrate. Baa ilianza hapo mwaka 1817, ikijulikana kwa jina la La Piña de Plata. Jina la Floridita lilikuja baadaye. Ndani kiyoyozi kinavuma, bendi inapiga karibu na mlango, na kaunta ndefu ya mbao imezingirwa na watu safu tatu, kila mmoja ameinua simu yake. Mwisho wa kaunta, upande wa kushoto, mwandishi Ernest Hemingway wa shaba amegemeza kiwiko, mkubwa kama alivyokuwa hai. Sanamu hiyo ni kazi ya José Villa Soberón na iliwekwa mwaka 2003. Kila anayeingia lazima aikumbatie.

Nami nilipiga picha naye, kwa sababu huyu kwetu si mgeni. Alishuka Mombasa Desemba 1933, akawinda Serengeti na kandokando ya Ziwa Manyara, akaugua kuhara damu porini hadi akachukuliwa kwa ndege ndogo kupelekwa Nairobi. Aliporudi Afrika Mashariki miaka ishirini baadaye, alianguka na ndege mara mbili nchini Uganda Januari 1954, kwanza karibu na maporomoko ya Murchison, kisha Butiaba. Magazeti yakatangaza kifo chake, naye akaokoka na kusoma tanzia zake mwenyewe. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka huo huo. Mtu wa namna hiyo hakushangaza alipoagiza daiquiri isiyo na sukari, ramu maradufu, ikaongezwa maji ya balungi na matone ya maraskino, likea ya cheri. Hadi leo ipo kwenye menyu kwa jina lake.

Lakini kumwachia Hemingway kaunta peke yake ni kumdhulumu mwenye baa. Constantino Ribalaigua Vert, Mkatalani aliyekuja Cuba kutafuta maisha kama Wahispania wengi wa zama zake, aliimiliki Floridita kuanzia mwaka 1918 hadi alipofariki mwaka 1952. Bahati ilimkuta kazini: Marekani ilipiga marufuku pombe kuanzia 1920 hadi 1933, na Havana iko jirani na Florida kiasi cha kuvuka kwa meli usiku mmoja. Wamarekani wenye kiu wakamiminika. Constantino hakuwauzia pombe tu. Aliichukua daiquiri akaichezea, akatengeneza aina kadhaa na kuzipa namba, akabadilisha kiasi cha ndimu, akaongeza maraskino hapa na balungi pale. Zaidi ya yote alishughulika na barafu. Aliisaga ikawa laini kama chumvi, kinywaji kikakaa kwenye glasi kama kilima kidogo cheupe. Daiquiri ambayo dunia iliipenda miaka ya thelathini ni hiyo, na heshima yake ni ya mhudumu wa kaunta kuliko ya mwandishi.

Kijana aliyetuhudumia, mwenye fulana nyeupe na aproni nyekundu, alipanga glasi nane kwenye mstari. Akamimina ramu kwenye blenda huku chupa ikipanda juu kiasi cha mkono mzima, bila kupima. Sukari, ndimu, matone ya maraskino, ndoo ndogo ya barafu. Akabonyeza, akageuka kuongea na mwenzake, akazima bila kutazama, akapita na jagi juu ya zile glasi nane kwa mkupuo mmoja. Zikajaa zote sawasawa. Ufundi huo sitaubeza. Lakini niliponywa, nilichokipata ni baridi. Baridi ya kuumiza meno, kisha sukari, na ramu kwa mbali sana. Shemeji alinitazama tu. Hakusema "nilikwambia", na ndivyo anavyokera zaidi.

Tukiwa tumekaa pale ndipo nilipoanza kufikiri kuhusu barafu, na sikuacha tena safari nzima. Ramu, ndimu na sukari vilikuwa vyote vipo katika Karibi kwa zaidi ya miaka mia mbili kabla ya mtu yeyote kutamka daiquiri. Mwaka 1740 Amirali Edward Vernon wa Uingereza, akiwa katika bahari hizo, aliamuru mabaharia wake wapewe ramu iliyozimuliwa kwa maji, na waliotaka wakaongeza ndimu na sukari. Mwaka uliofuata Vernon huyo huyo alishusha askari Guantánamo, akinuia kuiteka Santiago, akashindwa. Viungo vyote vitatu, basi, vilikuwa vimeshafika mlangoni. Kilichokosekana ni cha nne.

Nacho kililetwa kwa meli. Frederic Tudor, mfanyabiashara wa Boston, alikata barafu kwenye maziwa ya Massachusetts wakati wa baridi kali, akaifunika kwa pumba za mbao na kuipeleka Havana mwanzoni mwa karne ya 19. Walimcheka. Mwaka 1833 akaifikisha hadi Calcutta, wakanyamaza. Pwani hiyo hiyo ya Massachusetts ndiyo iliyotoa meli za Salem zilizokuja Unguja kununua pembe na sandarusi na kutuuzia kitambaa cha merikani. Wao kwa wao waligawana dunia hivyo: huku kitambaa, kule barafu. Havana ikazoea vinywaji baridi wakati sehemu kubwa ya tropiki bado inategemea mtungi.

Kutoka Havana hadi Santiago ni zaidi ya kilomita 850, na basi letu lilitembea usiku na mchana. Nilitegemea kuona miwa kama ninavyoiona kwetu, kijani kibichi hadi upeo wa macho. Niliona vipande tu. Kilichotawala pande zote mbili za barabara ni kichaka kirefu cha miiba ambacho Wacuba wanakiita marabú, kimefumana hata mbuzi hapenyi. Shemeji akaniuliza kama sikitambui. Nilipotazama vizuri tuliposimama kuchimba dawa, nikaona yale maua yake, nusu ya zambarau na nusu ya njano, yananing'inia kama taa. Ni mti wetu kabisa! Asili yake ni Afrika, umejaa maporini kuanzia Dodoma hadi Tabora, na huko Cuba umevamia mashamba yaliyoachwa. Nchi iliyovuna tani milioni 8.5 za sukari mwaka 1970 sasa hupata chini ya nusu milioni kwa mwaka, na sukari ya mgao haitoshi majumbani.

Walioifyeka ardhi hiyo mara ya kwanza nao walitoka kwetu, kwa maana pana ya neno. Waafrika wanaokaribia laki nane waliletwa Cuba kama watumwa, wengi wao katika karne ya 19 kwa ajili ya miwa, na utumwa haukufutwa hadi 1886. Wengi walikuwa Wayoruba na watu wa Kongo. Lakini katika daftari za mashamba limo pia kundi lililoandikwa Macuá, waliopakiwa kwenye pwani ya Msumbiji. Ni Wamakua, ndugu wa Wamakua wa Masasi. Miwa iliyopondwa kwa mikono hiyo iliacha molasi, na molasi ikazaa ramu. Sijui kitabu cha kokteli kinachoanzia hapo. Kwa kawaida huanzia kwa Mmarekani aliyeishiwa jini.

Mmarekani huyo ni Jennings Cox, mhandisi wa kampuni ya madini ya chuma iliyochimba kwenye milima ya mashariki ya Santiago, karibu na kijiji cha pwani kinachoitwa Daiquirí. Hadithi inasema kwamba karibu na mwaka 1898 alikuwa na wageni, jini ikamwishia, akachukua ramu ya wenyeji, akaificha makali yake kwa ndimu na sukari. Hadithi ni nzuri mno, na kuishiwa jini ni kisingizio kinachopatikana katika nusu ya hadithi zote za vinywaji. Ninachokiamini zaidi ni ile kadi ya mapishi iliyohifadhiwa kwa jina lake, ya watu sita: ndimu sita, vijiko sita vya sukari, vikombe sita vya ramu nyeupe ya Bacardi, maji kidogo ya madini, na barafu nyingi iliyosagwa. Barafu nyingi! Mgodi wenye mtaji wa Marekani ulikuwa na barafu. Wachimbaji wake, bila shaka, walikunywa ramu ya moto.

Na ramu yenyewe ilikuwa imebadilika. Facundo Bacardí Massó, mzaliwa wa Sitges huko Hispania, alinunua kiwanda kidogo Santiago mwaka 1862, na kwa kuchuja pombe kwa mkaa na kuilaza kwenye mapipa ya mwaloni akapata ramu nyepesi isiyokwaruza koo. Bila ramu ya aina hiyo, daiquiri ingekuwa dawa ya kikohozi. Mwanawe Emilio alipigania uhuru, akafungwa na Wahispania, halafu akawa meya wa Santiago na kuanzisha jumba la makumbusho mwaka 1899 ambalo bado linabeba jina lake. Familia iliondoka baada ya serikali ya mapinduzi kutaifisha kiwanda mwaka 1960, ikaondoka na jina. Mapipa na wajuzi wakabaki. Ujuzi wa mabingwa wa ramu nyepesi wa Cuba, unaorithishwa kizazi hadi kizazi, uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2022.

Tulifikia Santiago kwa mama mmoja anayepangisha vyumba, ambaye shemeji anamfahamu tangu akiwa mwanafunzi na humwita mama bila kusitasita. Alitukumbatia wote wawili kana kwamba nami nilisoma pale. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Mgao wa kwetu naujua, ila huu ulikuwa wa namna nyingine. Mtaa mzima ulikuwa umetoa viti nje, na watu wanapigia domino kwenye mwanga wa simu. Jirani mmoja mzee aliposikia tunatoka Tanzania alinyoosha vidole na kuhesabu: "Moja, mbili, tatu!" Kwenye vita vya Kongo, Wacuba waliokuwa na Che walijipa majina ya siri ya tarakimu za Kiswahili, na Che mwenyewe alikuwa Tatu. Mzee hakuwahi kutoka Cuba. Alikuwa amesoma tu.

Nilipotaja daiquiri, mama mwenye nyumba alicheka. Na barafu itatoka wapi? Akaingia jikoni, akarudi na vikombe vya udongo. Alichotupa kinaitwa canchánchara: pombe kali ya miwa, asali, ndimu, maji kidogo. Wanasimulia kwamba wapiganaji wa uhuru waliinywa porini katika vita vilivyoanza mwaka 1868, asubuhi kwa ajili ya nguvu na usiku kwa ajili ya baridi ya milimani. Asali ilikuwa imezama chini, ikabidi kukoroga kwa kidole. Ilichoma, ikatuliza, ikachoma tena. Ukiitazama vizuri ni daiquiri iliyokosa friji: utamu, uchachu, pombe ya miwa. Miaka 30 kabla ya Cox.

Kesho yake tulikodi gari la zamani, Chevrolet ya miaka ya hamsini yenye injini ya dizeli iliyopandikizwa, tukafuata barabara ya mashariki kuelekea Daiquirí. Kushoto kuna milima iliyotoa chuma. Kulia kuna bahari ambako tarehe 22 Juni 1898 jeshi la Marekani lilishuka kupigana na Wahispania, kwenye gati la mgodi lenyewe. Vita hivyo viliipatia Cuba bendera, vikaipatia Marekani Guantánamo, na vikafungua njia kwa wanajeshi na maofisa wa meli kuonja kinywaji cha wahandisi. Mmoja wao, daktari wa jeshi la majini Lucius Johnson, anatajwa kuwa ndiye aliyekipeleka kwenye klabu ya maofisa huko Washington mwaka 1909. Hatukufika. Tulipofika kijiji cha Siboney, dereva akatazama geji ya mafuta, akatutazama sisi, akatikisa kichwa: mafuta ya kwenda yapo, ya kurudi hayapo. Tulikula samaki wa kukaanga ufukweni tukageuza. Ukweli ni kwamba sikusikitika sana. Mgodi ulishafungwa zamani, na kinywaji hakikubaki pale alipokiacha Cox.

Kilibaki mjini. Jioni shemeji alinipeleka kwenye baa ndogo ya vijana, ngazi chache chini ya uwanja mkuu, yenye jenereta moja inayoendesha friji na taa mbili. Blenda ilikuwepo, lakini kuiwasha kungezima taa, kwa hiyo mhudumu alifanya kazi kwa mkono. Alipasua ndimu mbili zenye ganda jembamba, akazikamua mbele yetu, akaonja tone moja kwenye kidole. Akatia sukari kwenye maji ya ndimu kwanza, akakoroga hadi chembe zikaisha, kwa sababu sukari haiyeyuki vizuri kwenye pombe. Kisha ramu. Kisha barafu, mapande makubwa, akayahesabu kwa macho kama mtu anayehesabu noti. Alitikisa kopo juu ya bega hadi likaota ukungu na vidole vyake vikawa vyekundu. Maji yanayoyeyuka wakati huo hufikia karibu robo ya kinywaji kizima; yakiwa machache ndimu inakuuma, yakizidi unakunywa maji. Hakuna mashine inayokwambia ni lini uache. Yeye alikuwa anasikiliza mlio wa barafu ndani ya kopo.

Ilikuja kwenye glasi ndogo, ya kijivu inayokaribia kijani, bila majani, bila mrija. Funda la kwanza lilikuwa ndimu, likafuatiwa na miwa, ile harufu ya kiwandani ninayoijua tangu utoto wakati wa msimu wa kusaga, halafu mdomo ukabaki safi kabisa, ukitaka tena. Hapo nikaelewa kwa nini watu wa Tokyo na Paris na London bado wanampima mhudumu mgeni kwa kuagiza daiquiri kabla ya kitu kingine chochote. Floridita wana sanamu. Hawa walikuwa na ndimu.

Shemeji, ambaye tangu Istanbul alikuwa akiniona mtoto, alimaliza ya kwanza kabla yangu, akaagiza ya pili, akaanza kubishana na yule kijana kuhusu sukari. Yeye alitaka vijiko viwili kamili kama ilivyokuwa enzi zake. Kijana akasema enzi zako hakukuwa na sukari, daktari, na ndimu za mwezi huu hazihitaji zaidi ya kimoja na nusu. Watu wa meza ya pili wakaingilia. Wakatengeneza mbili, moja ya kila upande, ili nihukumu mimi mgeni. Nilimpa kijana ushindi, na shemeji akasusa hadi tulipofika nyumbani.